Niulizeni mwezi wa angani

Juzi mgeni mmoja kutoka Dar alisimama ufukweni Jambiani, mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi, mikono kiunoni, akaniambia amedanganywa. Kasoma kwamba Julai ndio wakati mzuri wa kuja Unguja, kakata tiketi, kalipia siku tatu, na sasa bahari haipo. Mbele yake mchanga mtupu na madimbwi. Mawimbi yanavunjika kule mbali mwambani. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili nyuma. Bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kukauka sana.

Liliniuma, maana hakudanganywa mwezi wa kalenda, alifichwa mwezi wa angani. Kila anayeshauri wageni huzungumzia mvua na jua, pepo za Kaskazi na Kusi. Kuhusu masika sibishi: Aprili na Mei mvua hupiga kweli, na hoteli kadhaa hufunga. Lakini sisi wa pwani ya mashariki siku zetu zinapangwa na maji. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Saa nne asubuhi imekauka, saa kumi alasiri imejaa. Kila siku huchelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, siku za maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, saa nne hiyo hiyo maji yako miguuni pako. Julai ile ile! Anayetaka kuogelea saa zote aende Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, huko maji hayakimbii mbali.

Nikamwambia avae ndala, twende. Tukamkuta shangazi yangu kainama shambani kwake. Analima mwani tangu zao hili lilipoanza huku, mwaka 1989. Anakata kijiti cha mwani, anakifunga kwa taitai, kikamba chembamba, kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi viwili, anasogea hatua, anafunga kingine. Vidole vimekunjamana kwa chumvi. Mgeni akamuuliza atamaliza lini. "Maji yakinifika magotini, mwanangu."

Kwake bamvua ndiyo msimu. Bila maji kutoka mbali hivi hafiki shambani, na mgeni asiyejua hili hulala chumbani amekasirika wakati kijiji kizima kiko baharini.

Hoteli aliyofikia ina ubao mlangoni wenye saa za chai ya asubuhi. Nawaomba wenye hoteli wote wa huku: andikeni pale pale maji yanatoka saa ngapi na yanarudi saa ngapi. Na mgeni akipiga simu kuuliza aje lini, mtajieni tarehe za bamvua kabla hajalipa.