Mashine Isiyojieleza na Mkopo wa Mbolea

Mkulima wa viazi wa Umalila, mkoani Mbeya, anayeomba mkopo wa mbolea kwa simu anaweza kujibiwa papo hapo kwamba hakukidhi vigezo, asipate wa kumuuliza ni vigezo gani. Ikiwa uamuzi umetolewa na programu iliyojifunza yenyewe kutokana na kumbukumbu za wakopaji wengi, huenda hata mkopeshaji hajui. Je, sheria ipige marufuku akili mnemba ya namna hiyo?

Wanaopinga marufuku wana hoja nzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma picha za eksirei ya kifua zitumike kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Programu hizo hazielezi kila sababu ya alama zinazotoa, lakini makohozi ya anayeshukiwa hupimwa maabara, na kosa huonekana. Kuzikataa, kwa kijiji kilicho mbali na daktari wa picha, ni kuwaacha wagonjwa wasijulikane.

Hata hivyo, kinga hiyo ni ya upande mmoja, kwa sababu aliyeambiwa hana dalili hapelekwi maabara. Watafiti wa Marekani waliwahi kugundua kwamba programu ya kukadiria hatari ya kifo kwa wagonjwa wa nimonia ilijifunza kuwa wenye pumu wako salama zaidi, kumbe walinusurika kwa kuwa walikuwa wakikimbizwa kwenye uangalizi maalumu. Kosa lilionekana kwa sababu kanuni za programu hiyo zilisomeka. Nyingine, iliyokadiria vizuri zaidi lakini isiyosomeka, iliwekwa kando.

Kwa hiyo naona kipimo kiwe hiki: je, baada ya mashine kuna uchunguzi mwingine unaoweza kuisahihisha? Kwenye eksirei, sheria idai baadhi ya walioambiwa ni wazima wapimwe pia mara kwa mara. Kwenye mkopo, aliyenyimwa hapati nafasi ya kuonyesha kwamba angelipa, hivyo hapo sababu zidaiwe bila kulegeza. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili mnemba iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 2024, umeuweka upimaji wa wakopaji katika kundi la matumizi yenye hatari kubwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri sana usitegemee mashine pekee. Lakini binadamu anayeupitia lazima awe na mamlaka ya kuutengua, na ajibu kabla ya mvua za kupandia, si baada yake.