Kombe la Ligi la Korea 2011: kabla ya kashfa, kulikuwa na ratiba

Likitajwa Kombe la Ligi la Korea Kusini la 2011, kinachokuja kwanza kichwani ni mechi zilizouzwa. Sawa, haiwezekani kulisimulia bila hizo. Lakini maoni yangu ni kwamba muundo wa mashindano ulikuwa umeshaiandalia kashfa njia.

Ligi ilikuwa na timu 16, Gwangju FC ikiwa ngeni. Zile nne zilizokuwa kwenye Ligi ya Mabingwa ya Asia, yaani FC Seoul, Jeonbuk, Suwon na Jeju, hazikugusa hatua ya makundi. Ziliingizwa moja kwa moja robo fainali. Timu 12 zilizobaki zikagawanywa makundi mawili ya sita sita, mechi tano kila timu, bila marudiano, na mbili za juu kila kundi zikapita. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei shabiki aliitwa uwanjani katikati ya wiki kutazama kombe ambalo vigogo wanne hawamo.

Na anayeshinda anapata nini? Tiketi ya Asia hakuna. Hiyo ilipatikana kwenye ligi na Kombe la FA. Kushuka daraja nako hakukuwepo Korea wakati ule, kwa hiyo hata klabu dhaifu haikuwa na la kuhofia. Kocha mwenye mechi ya ligi mwishoni mwa wiki atampumzisha mfungaji wake na kumpa nafasi kijana wa benchi. Hana kosa. Ila kikosi kikishakuwa cha kuchanganya changanya, matokeo yoyote yanaaminika. Kipa akichelewa kuruka, kiungo akipoteza mpira mahali pabaya, watu watasema hawajazoeana. Mnunuzi wa mechi anataka nini zaidi ya hapo?

Tarehe 6 Aprili, kwenye makundi ya kombe hili, Daejeon Citizen, waliokuwa wameuanza msimu wa ligi vizuri mno, walifungwa 3-0 na Pohang Steelers. Gwangju nao wakalala 1-0 mbele ya Busan I'Park. Mwezi uliofuata waendesha mashtaka wa mji wa Changwon wakaanza kukamata watu. Kwa maelezo yao, madalali walimpa kipa wa Gwangju won (sarafu ya Korea) milioni 100 na kiungo wa Daejeon won milioni 120, kisha wakabeti kupitia Sports Toto, kampuni halali ya kubashiri. Angalia nafasi walizozichagua. Anayetaka timu ifungwe hahitaji kununua wote 11. Kipa peke yake anaweza kuruhusu bao, na kiungo anawafikia wenzake wengi wa kuwagawia hela. Juni wachezaji 10 walifungiwa maisha, na uchunguzi ukaendelea kurudi nyuma hadi mechi za 2010.

Kinachoniuma ni kwamba mpira wa kweli ulichezwa humo, na umesahaulika. Ulsan Hyundai ya kocha Kim Ho-gon ililichukulia kombe kwa uzito wake. Mshambuliaji wao Kim Shin-wook, jitu la karibu mita mbili, alimaliza mfungaji bora kwa mabao 11, katika mashindano ambayo timu iliyoanzia makundi ikifika fainali inacheza mechi nane tu! Robo fainali waliichapa Jeonbuk 4-1, Jeonbuk hiyohiyo iliyokuja kuwa bingwa wa ligi mwaka huo.

Fainali ilipigwa Ulsan tarehe 13 Julai, dhidi ya Busan. Wenyeji walifika 3-0, mmoja wa wafungaji akiwa Seol Ki-hyeon, yule aliyeisawazishia Korea dhidi ya Italia Kombe la Dunia 2002. Kisha Yang Dong-hyun, aliyewahi kuichezea Ulsan, akaifungia Busan mawili, na dakika za mwisho zikawa za presha hadi filimbi ikalia 3-2. Mwaka uliofuata Ulsan walibeba Ligi ya Mabingwa ya Asia bila kupoteza mchezo hata mmoja, fainali wakiipiga Al-Ahli ya Saudia 3-0.

Kombe lenyewe halikurudi. Msimu wa 2012 ligi ilipanuliwa hadi mechi 44 kwa kila timu: 30 za kawaida, kisha timu zikagawanywa nane za juu na nane za chini kwa mechi 14 zaidi, na kushuka daraja kukaanza. Naunga mkono uamuzi huo. Yeyote anayetaka kulifufua kombe aanze kwa kumpa bingwa tiketi ya Asia na kuziingiza timu zote raundi ya kwanza. Bila hayo mawili, aiache ratiba ilivyo.