Kidole Gumba na Marejeo 140

Kidole gumba cha mkono wa kushoto ndicho kilichoniponza. Nakitaja mapema kwa sababu sisi wanafunzi wa mtandaoni tumezoea kuitupia lawama intaneti, na usiku ule intaneti ilikuwa nzima kabisa, haina hata doa.

Nasoma uzamili wa taaluma mtambuka huku nikiwa mwajiriwa. Neno "mtambuka" lisikupe picha ya mtu anayevuka mto kwa madaha. Maana yake ni kwamba una wahadhiri wa afya ya jamii, wa takwimu na wa historia, na ile aya moja uliyoikeshea inasomwa na wote. Wa takwimu anauliza sampuli ina watu wangapi. Wa historia anauliza hati hiyo iliandikwa na nani, na aliyeiandika alikuwa akimwogopa nani. Wa afya ya jamii anauliza kwa nini aya ni ndefu hivyo. Juu ya hapo, kila kundi na mtindo wake wa marejeo: watu wa afya wanapenda Vancouver, yaani namba kwenye mabano kwa mpangilio wa kutokea; watu wa sayansi za jamii wanataka APA, jina na mwaka; watu wa historia wanataka tanbihi za Chicago chini ya ukurasa. Muhula wa kwanza nilimpelekea mhadhiri wa afya kazi yenye APA, ikarudi kama barua iliyokosewa anwani. Tangu siku hiyo niliapa: kazi ya afya, Vancouver, basi.

Chuo kiko Uingereza. Shahada ina krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, jumla saa 1,800. Zigawe kwa miaka miwili utapata saa 17 na ushee kila wiki. Zangu nilizipanga hivi: saa mbili kila alfajiri siku za kazi, hizo 10, tano za Jumamosi, zikawa 15, mbili zilizobaki niliziandika kwenye ratiba kwa jina la "mapumziko ya mchana", na mpaka leo sijawahi kuonana nazo. Sasa ukipungukiwa saa mbili kila wiki, baada ya wiki 10 una deni la saa 20. Deni hilo halikubali awamu. Linadaiwa lote usiku mmoja.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Jumatatu, mwishoni mwa Machi. Mapitio yangu ya machapisho yalikuwa na maneno 8,000, kurasa 34, vyanzo 87, na vyanzo hivyo vilikuwa vimetajwa mara 140 ndani ya matini. Saa tano na dakika 10 usiku nilikuwa nimebakiza kazi tatu za kitoto: kusasisha ukurasa wa yaliyomo, kugeuza APA kuwa Vancouver, na kupakia faili. Nilijiona mwanamume haswa. Nilikuwa hata nimeanza kutunga ujumbe wa kuringishia kwenye kundi la darasa la WhatsApp.

Kugeuza mtindo hakukunitisha, maana natumia Zotero. Kwa asiyeijua: ni programu ya bure inayotunza vyanzo vyako, na unapoandika kwenye Word inaingiza kila rejeo kama kiungo hai, si kama maandishi ya kawaida. Jina na mwaka unavyoviona ni sura tu. Nyuma yake kuna kifurushi kizima chenye taarifa za chanzo. Ndiyo maana ukibadilisha mtindo kwenye mipangilio ya waraka, marejeo yote 140 yanageuka kwa pamoja na orodha ya mwisho inajipanga upya. Sekunde chache tu. Kwa Vancouver hiyo ni neema, kwa sababu namba hufuata mpangilio wa kutokea: ukichomeka chanzo kipya ukurasa wa 3, namba zote zinazofuata zinasogea. Anayepanga namba hizo kwa mkono ama ana vyanzo vitano, ama ana dhambi anayoitubu.

Basi. Kusasisha yaliyomo kwenye Word unabonyeza Ctrl na A kuchagua waraka wote, kisha F9. Mimi wakati huo nilikuwa narukaruka kwa Alt na Tab kati ya waraka na barua pepe ya ofisi, kwa sababu bosi alikuwa amekumbuka ripoti ya wiki saa hiyohiyo. Nikaruka mara ya mwisho, nikachagua waraka wote, nikabonyeza F9. Ila kidole gumba kilikuwa kimerudi kupumzika juu ya Alt, kama mzee kwenye kigoda chake.

Alt na F9 si sawa na F9. Alt na F9 huiambia Word ifungue vifurushi vyote na kuonyesha vilivyomo.

Pale palipokuwa na jina na mwaka pakatokea mabano ya mawimbi, kisha ADDIN ZOTERO_ITEM CSL_CITATION, kisha "citationID", kisha mabano mengine, alama za kunukuu, nukta mbili, majina ya waandishi, namba ya jarida, na ikisiri nzima ya makala, neno kwa neno. Mara 140. Nilitazama chini kushoto, penye idadi ya kurasa. Ilikuwa inapanda kama mita ya umeme: 34, 71, 118, ikasimama 181. Sentensi yangu ya kwanza, niliyoisuka kwa siku mbili, ilianzia ukurasa wa kwanza na kumalizikia wa tatu.

Dawa yake ni kubonyeza Alt na F9 tena. Ndiyo hiyo, hakuna nyingine, na inachukua nusu sekunde. Najua sasa. Wakati ule nilipiga picha skrini nikaitupa kwenye kundi la darasa na maneno mawili: "Jamani, nakufa."

Aliyekuwa macho ni dada mmoja muuguzi aliye zamu ya usiku. Akajibu: "Pole kaka. Misimbo hiyo huondoka ukibonyeza Unlink Citations." Kisha, inaonekana, mgonjwa akamwita. Nusu ya pili ya ujumbe ilifika dakika 20 baadaye, nami nainukuu hapa mahali isipostahili kuwa, ili ujue kilichokosekana: "ila fanya kwenye nakala, na iwe kazi ya mwisho kabisa kabla ya kupakia."

Nilibonyeza amri hiyo ya Zotero, maana yake "kata viungo vya marejeo". Zotero haikunificha kitu. Ilileta kisanduku cha kuniuliza kama nina hakika, kwa kuwa baada ya hapo haitaweza tena kuyasasisha marejeo. Mtu ambaye waraka wake una kurasa 181 hasomi visanduku. Nikakubali. Misimbo ikafutika, kurasa zikarudi 34, moyo ukarudi kifuani. Kwa furaha nikahifadhi faili, nikalifunga, nikalifungua tena kuhakikisha kwamba amani ni ya kweli.

Hatua hizo tatu za furaha ndizo zilizonimaliza. Laiti ningeliacha faili wazi, Ctrl na Z ingeweza kunirudisha nyuma. Ukifunga faili, Word husahau yote uliyotenda. Na laiti faili lingekuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, ningefungua historia ya matoleo nichukue la saa moja iliyopita. Langu lilikuwa kwenye fleshi, kwa sababu kompyuta ya ofisini hairuhusu hifadhi hiyo, na mimi ni mtu wa kufuata kanuni pale zinaponiumiza.

Saa tano na dakika 45 nikaenda kugeuza APA kuwa Vancouver. Nikachagua, nikakubali, nikasubiri. Majina na miaka yalinikodolea macho bila kutikisika. Nikarudia. Nikabonyeza juu ya rejeo moja: lilikuwa maandishi matupu, limekufa, halina hata kivuli cha kijivu. Hapo ndipo ujumbe wa pili wa dada muuguzi ulipoingia. Niliusoma mara nne.

Kilichoniokoa ni uzembe mwingine. Ijumaa nilikuwa nimejitumia faili kwa barua pepe ili nilisome kazini, nisilisome. Faili la Ijumaa lilikuwa na marejeo hai 114. Kwa hiyo marehemu wa kweli walikuwa 26 tu, wale niliowaongeza wikendi. Nikatumia kifaa cha kulinganisha nyaraka, kilichomo kwenye menyu ya kukagua ya Word: unakipa faili la zamani na jipya, nacho kinakuwekea rangi palipobadilika. Nikawa nachukua aya moja moja, nabandika kwenye faili la Ijumaa, nafuta rejeo lililokufa, naingiza lililo hai. Kama dakika tatu kwa kila moja ukijumlisha na kuapiza.

Ilipotimu saa saba na nusu usiku nikageuza mtindo. Safari hii namba zilijitokeza kwa nidhamu, (1), (2), (3). Nikapitia kwa macho, nikakuta hii: "(14) wanapendekeza hatua sita za uchambuzi wa mada." Mstari mwingine: "Hata hivyo (22) alikuwa na mashaka." Hao 14 ni Braun na Clarke, waandishi wa makala ya mwaka 2006, masikini, wamegeuzwa kuwa namba na bado wanapendekeza. Kosa ni kwamba kwenye APA nilikuwa nimeiachia programu iandike majina hata pale jina lilipokuwa mtenda wa sentensi. Ilitakiwa niandike majina kwa mkono wangu, kisha kwenye rejeo niweke alama ya kuficha jina la mwandishi, ili Vancouver ikija ibaki "Braun na Clarke (14) wanapendekeza". Sentensi za namna hiyo zilikuwa 11. Nikazirekebisha zote.

Saa saba na dakika 50 kazi ilikuwa tayari. Na hapa ndipo naomba uniangalie kwa makini, kwa sababu mpaka hapa nilikuwa bado mzima.

Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa saa 23:59 kwa saa za chuo. Mwanzoni mwa mwaka niliandika karatasi nikaibandika pembeni ya skrini: "Chuo + 3". Saa 23:59 ukiongeza tatu ni 02:59, yaani kwa saa zetu saa nane na dakika 59 usiku. Nilikuwa na saa moja na dakika tisa mkononi. Tajiri! Nikanyoosha mgongo. Nikabadilisha fonti ya jalada. Nikaona pambizo la kushoto limezidi, nikalipunguza. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikasoma shukrani zangu na kuguswa nazo. Nikairudisha fonti ya mwanzo.

Saa nane na dakika 6 nikapakia. Mfumo ukapokea vizuri, ukatoa namba ya stakabadhi, na chini yake, kwa wino mwekundu: Imechelewa, dakika 7.

Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Ilikuwa imesogezwa usiku wa kuamkia jana yake, nilipokuwa nahangaika na chanzo cha 80. Kuanzia Jumapili hiyo chuo hakikuwa tena nyuma yangu kwa saa tatu, ila mbili, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanapoirudisha. Kazi ilitakiwa saa saba na dakika 59. Simu yangu ingeniambia, kama ningeiongezea saa ya pili yenye jina la mji wa chuo. Zile hujirekebisha zenyewe. Karatasi hairekebishi chochote. Inabandikwa tu.

Kanuni ya programu yetu ni alama 5 kwa kila saa 24 za kuchelewa, au sehemu yake. Dakika 7 ni sehemu. Nilifungua fomu ya kuomba kusamehewa, nikakuta sababu zinazokubalika: ugonjwa, msiba, hitilafu ya mfumo wa chuo. Kidole gumba hakimo. Nikalala saa tisa, saa mbili asubuhi nikawa mezani kwangu ofisini, ambako bosi aliuliza kama niliiona barua yake kuhusu ripoti ya wiki.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Nilipata 63, ikaandikwa 58. Chini yake mhadhiri alikuwa ameacha maoni: nimejitahidi kuunganisha taaluma tatu, sehemu ya takwimu iongezewe nyama, na kuhusu marejeo, "kumbuka kuwa moduli hii inapokea mtindo wowote, mradi uwe mmoja mwanzo hadi mwisho, tazama mwongozo, ukurasa wa 9."

Nikafungua mwongozo, ukurasa wa 9. Upo mstari huo, tena kwa herufi nzito.

Nikaupiga picha, nikautuma kwenye kundi. Dada muuguzi akajibu papo hapo: "Kwani wewe ulibadilisha, kaka? Mimi niliacha APA yangu hivyohivyo, nikapakia Jumapili mchana."