Makande ya Gololi

Okidi yangu, lile ua la chunguni, ilioza mizizi mara mbili kwenye maganda ya miti, nikaapa safari hii naikuza kwa maji. Si kuizamisha, jamani. Unaipanda kwenye gololi za udongo uliochomwa tanuruni mpaka ukaumuka kama andazi. Maji yanakaa kidogo tu chini ya chombo, gololi zinayafyonza na kuyapandisha taratibu, huku mizizi inapumua. Shemeji akaniletea mfuko kutoka Nairobi. Gololi mpya zina vumbi na zina kiu, kwa hiyo unazisuuza, kisha unaziloweka usiku kucha. Nikaziloweka. Kwenye sufuria. Jikoni.

Tena nikasahau kwamba mama mkwe ameshuka kutoka Machame jioni ile ile, na yeye saa kumi na moja alfajiri yuko macho. Hapa kwetu Soweto, Moshi, umeme ulikuwa umekatika. Kwa mwanga wa kitochi akaona sufuria ya vitu vya kahawia, vya mviringo, vimelowekwa. Mkwe mvivu leo kakumbuka makande! Akabandika na mahindi.

Ila kwanza, kama mama yeyote anayeyajua maharage, aliengua yaliyoelea, maana yanayoelea yamebunguliwa. Gololi zile ni nyepesi, hata zikilowekwa nyingi zinaelea tu. Hizo akawamwagia kuku.

Saa mbili naamka, nyumba inanukia kitunguu, mama yuko mbele ya jiko la mkaa, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Neema. Haya maharage mmeyanunua wapi? Saa tatu nzima yako motoni! Nimetia magadi, wapi. Nimeongeza magadi, wapi!"

Magadi! Okidi hupenda maji yenye uchachu kidogo, na magadi ni adui wa uchachu. Kabla sijafungua mdomo, Baba Neema alikuwa amekwisha pakuliwa. Akatafuna. Tukasikia "kach!" Akatulia kidogo, akaisukuma gololi shavuni, akamtazama mama yake usoni.

"Tamu, mama."

Miaka yote ya ndoa, mimi hajawahi kunidanganya vizuri namna hiyo.

Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaiangalia okidi iliyolala juu ya gazeti, mizizi yake minene ya kijivu iko wazi. "Hili si jamii ya yale yanayong'ang'ania miti kule msituni? Sasa kokoto za nini?"

Nikakimbilia bombani na gololi zangu. Suuza, suuza, utelezi wa magadi hauishi. Kurudi ndani, gazeti tupu. Mama ameshaifunga okidi kwenye mparachichi, kivulini, kwa kamba ya mgomba.

Imetoa mizizi mipya mitatu, ncha zake za kijani. Mimi jioni bado naokota gololi uani, kuku wamesimama wananitazama.