Kiwewe cha wanawake si moyo mwepesi

Wanawake hupata ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe (PTSD), maradhi ya akili yanayomwandama mtu aliyepitia tukio la kutisha, takriban mara mbili ya wanaume. Utafiti wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta asilimia 10.4 ya wanawake wamewahi kuupata, na wanaume asilimia 5. Wengi wakisikia hivyo hufunga mjadala: mwanamke ana moyo mwepesi.

Hukumu hiyo ina haraka, tena inaumiza. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa wanaume ndio waliokumbwa zaidi na matukio ya kutisha, asilimia 61 kwa 51. Ila hayakuwa matukio ya namna moja. Wanaume walitaja zaidi ajali, moto, vita na kutishiwa silaha. Wanawake walitaja zaidi kubakwa, kunajisiwa na kupigwa utotoni. Ajali, pamoja na ubaya wake, ina mwisho. Mtoto anayenajisiwa na mtu wa nyumbani hula naye sahani moja jioni ileile, na akithubutu kusema huambiwa asiivunjie familia heshima.

Kuna tarakimu moja hainitoki kichwani. Kati ya waliotaja ubakaji kuwa ndio uliowaumiza kuliko yote, wanawake waliougua walikuwa asilimia 46. Wanaume? Asilimia 65. Wanaume hao walikuwa wachache, kwa hiyo asilimia yao tusiipe uzito wa sheria. Lakini uko wapi hapo ule moyo mgumu wa kiume?

Mwili nao una sehemu yake, sikatai. Watafiti Tolin na Foa walipochambua tafiti za miaka 25, mwaka 2006, waliona pengo kati ya wanawake na wanaume linabaki hata watu wakipitia tukio la aina ileile. Mwaka 2011 kundi la mtafiti Ressler lilihusisha ugonjwa huu kwa wanawake na protini ndogo iitwayo PACAP, ambayo mfumo wake huguswa na estrojeni, homoni ya kike. Hizo ni hoja nzito.

Bado najiuliza, "aina ileile" maana yake nini? Katika dodoso, mwanamume aliyepigwa ngumi na mlevi asiyemjua na mwanamke anayepigwa na mumewe miaka 10 wanaweza kutiwa alama kwenye kisanduku kimoja: alishambuliwa. Yule wa kwanza alirudi nyumbani kuuguza jeraha. Huyu wa pili nyumbani ndiko anakopigwa.