Umri usizidi 25, uzoefu miaka 8

Jamani hebu nisaidieni hesabu maana shule mimi nilikuwa nakaa nyuma. Tangazo limerushwa kwenye grupu la mtaa, kampuni inatafuta mtunza stoo, awe na digrii, umri usizidi miaka 25, uzoefu usiopungua miaka 8. Nikatoa, ikabaki 17. Miaka 17 mtu si bado yuko sekondari anachapwa kwa kuchelewa namba, hiyo stoo alikuwa anatunza saa ngapi?

Mimi nina 38, stoo za Kariakoo nimekaa miaka 11, namjua panya anayekula mchele na namjua panya mwenye miguu miwili. Kwa tangazo lile mimi babu. Na haijaisha, "awe na mwonekano wa kuvutia". Wa stoo!! Mfuko wa saruji unamvutiaje mtu?? Aambatanishe picha ya rangi, mkazi wa Kigamboni atapewa kipaumbele, mshahara maelewano. Ukiona neno maelewano ujue hapo hamtaelewana.

Fundi cherehani wetu hapa Gongo la Mboto akaniambia bro, hiyo ni suti, mtu kashapimwa bega na kiuno, nyie wengine mnaitwa kuja kushangaa anavyopendeza.

Mbishi mimi nikaomba. Muhuri wa wakili kwenye vyeti, picha, kuprinti, bahasha ya kaki, nauli, elfu 27 ikaenda, na ni hela ya mke wangu ya kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kwahiyo usiniulize nyumbani tuliongea nini. Wakaniita! Nimekesha najikumbusha leja, mzigo ulioingia kwanza ndo unatoka kwanza, nafika nakuta watu watatu meza ndefu kiyoyozi kinavuma, swali la kwanza: "Wewe mtu wa wapi?"

Gongo la Mboto.

"Hapana, kwenu kwenu."

Nikasema Kisarawe, Mzaramo. Wakaangaliana wakacheka, mama mmoja akasema aaah huyu kila wiki atatuomba ruhusa, mara ngoma mara mwali anatoka. Mimi ngoma nimehudhuria mbili maisha yangu yote na moja nilikuwa napita tu! Na sio kwamba utani siujui, Mnyamwezi akinitania msibani nacheka naye hadi jeneza linataka kudondoka, ila Mnyamwezi hajawahi kukaa na mshahara wangu mkononi.

Watoto? Wanne. "Mmh, majukumu mengi hayo." Dada yangu ana 27 hajaolewa hana mtoto, yeye kwenye intavyuu yake aliambiwa si utaolewa ubebe mimba utuachie kazi. Sasa mwenye nao kosa, asiye nao kosa, nahisi wanamtafuta popo.

"Tutakupigia."

Wiki tatu nalala na simu kifuani, aliyepiga ni wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tu.

Jirani kuna kijana anasoma sheria, akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, mwajiri haruhusiwi kubagua kwa kabila wala mahali ulipotoka, umri, jinsia, mimba, ndoa, dini, ulemavu, na hata mwombaji ambaye hajaajiriwa bado anahesabiwa humo. Ooh nikasimama, nikamwambia tunaenda. Akauliza ushahidi upo? Nikasema walicheka. Akasema kicheko tunakiandikaje. Nikakaa.

Sasa juzi mke wangu kibanda chake cha chakula kimechangamka anataka msichana wa kumsaidia, mimi ndo sina kazi nikaambiwa niandike tangazo na namba iwe yangu. Anakaanga huku ananisomea: asiwe wa hapa mjini wajanja sana, atafute wa Singida wavumilivu, asiwe na mtoto, awe na mvuto wateja wanapenda, ila asizidishe (hapo akaniangalia mimi), umri mwisho 22 na awe amezoea kupikia watu wengi. Nikauliza mshahara niandike ngapi, akasema andika maelewano. Nikaandika.

Nikarusha grupuni, saa hiyohiyo simu, binti, sauti ya adabu, shikamoo kaka, nikajisikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Wewe mtu wa wapi?"

"Wa Mbagala."

"Hapana, kwenu kwenu."

"Newala."

Nikamgeukia mama watoto nimnong'oneze, naye ananipungia mwiko kwamba niachane naye, binti wa shangazi yake wa Korogwe kashashuka stendi ya Mbezi anatafuta bodaboda.

Yule binti kimya kidogo, halafu akauliza, "Kaka, samahani, nafasi kweli ipo au mna mtu wenu tayari?"

Nikakohoa.

"Tutakupigia."