Sikulia, Lile Lilikuwa Jasho

Najua mmeshaisikia ile voisi ya jamaa yangu mpiga besi, eti nililia jukwaani. Mpaka mama mdogo kanipigia kutoka Tanga, jana alfajiri, kuuliza kama kweli nilimnyamazisha mzee wa watu jukwaani huku New York. Haya, ni kweli. Ila sikulia.

Harlem, juzi, ule usiku wa jazi ambao yeyote mwenye ala anapanda. Nilikuwa nahangaika na mwanzi wa saksafoni, wimbo ukatajwa sikusikia. Nikamuuliza mpiga kinanda, wimbo gani? Akajibu, "G." Jamani, G, ufunguo wa kupigia, ni wimbo? Basi nikategea kodi zinavyokwenda (za kinanda, baba mwenye nyumba, tulia: noti kadhaa zikipigwa pamoja): G kubwa, ikageuka G ndogo, C, ikatua F. Ahaa! "How High the Moon"! Niliukesha huo miezi mitatu.

Nikafumba macho. Nikaachia noti ndefu, tamu, zenye mtetemo. Pembeni mzee wa tarumbeta, miaka sabini na ushee, anamwaga vinoti vya mbio kama cherehani. Nikasema moyoni, mzee ana madoido, lakini ananifunika. Nikangoja noti ya vidole vya kushoto tu, nikainua mkono wa kulia, kiganja chini, kama mwalimu wa kwaya: shusha... shusha kidogo...

Tarumbeta ikanyamaza. Nikaona nimeeleweka. Nikamaliza baa zote 32 peke yangu (za muziki, mama mdogo, si za pombe), nikainama. Akapiga makofi mtu mmoja, na mnamjua.

Hapo ningeshuka. Wapi! Nikamsogelea mzee, nikamshika bega: "Usijali mzee wangu, wimbo huu unawachanganya wengi."

Akanitazama. Akageuza tarumbeta, akakung'uta mate, taratibu, tone moja moja. Ndipo akasema, "Kijana, sisi tulikuwa tunapiga 'Ornithology.'"

Ya Charlie Parker, gwiji wa saksafoni wa jazi, na Benny Harris, mpiga tarumbeta, iliyorekodiwa 1946 juu ya kodi zilezile za ule wimbo wangu wa 1940! Ndio ulikuwa mtindo wao: sheria inalinda melodi, kodi hazina mwenyewe. Unachukua kodi za wimbo unaopendwa, unazivisha melodi yako, mrabaha unabaki kwako. Yaani walikopa kodi ili wasilipe kodi. Ndiyo maana masikioni mwangu hakuna kilichogongana! Kingegongana si ningeacha?

Mzee akanipoza. Hata kina Parker, 1945, wakirekodi "Ko-Ko", walijikuta wanapiga melodi ya "Cherokee", wimbo walioukopa kodi, wakakatishwa.

"Ila wao," akasema, "walisimama."

Nikaomba radhi, nikamnunulia soda, nikakimbilia treni. Koti nimeliacha kitini. Kuna anayepita Harlem wiki hii?